Kabla zege halijapulizwa, nikague nini kwenye shimo la bwawa langu?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Tunajengewa bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 4, kina kuanzia mita 1.1 hadi 1.9. Shimo limechimbwa, nondo zimefungwa, mabomba yamelazwa. Mkandarasi anasema mashine ya kupuliza zege inakuja Ijumaa, na anataka nilipe awamu ya tatu kabla ya hapo. Mimi si mtu wa ujenzi. Nikishuka mle shimoni na futi mkononi, nitazame nini? Na kitu gani kikiwa kibaya niseme kwamba Ijumaa haiwezekani?

Jibu: Dada yangu, umeuliza wakati unaofaa. Kasoro ikionekana leo, fundi atachukua koleo, waya na kipande cha bomba, na kabla ya adhuhuri imekwisha. Kasoro hiyohiyo ikionekana baada ya Ijumaa, itabidi zege livunjwe. Kwa hiyo usione aibu kushuka na kupima mbele ya mafundi. Fundi mzuri hufurahi kazi yake ikitazamwa kabla haijafunikwa.

Kwanza mwambie mkandarasi akupe mchoro wa nondo uliosainiwa na mhandisi, pamoja na mchoro wa mabomba. Vipimo nitakavyokutajia ni vya kawaida kwa mabwawa ya nyumbani, lakini mchoro wako ndio wenye kauli ya mwisho, maana aliyeuchora amezingatia udongo wa kwako. Kama mchoro haupo, yaani nondo zimefungwa kwa mazoea tu, basi swali lako la mwisho limeshajibiwa: Ijumaa haiwezekani.

Shuka kwa ngazi, na mtu mwingine akiwa juu. Ukiona ufa kwenye udongo unaokwenda sambamba na ukingo, au kifusi kimerundikwa pembeni kabisa mwa shimo, usishuke mpaka parekebishwe. Ukuta wa udongo wa karibu mita 2 ukiporomoka humzika mtu. Watoto wasisogee kabisa. Ncha za nondo zilizosimama zinachoma kama mkuki.

Ukiwa chini, anza na jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalitazami: nafasi iliyo nyuma ya nondo. Mafundi wanaiita kava, yaani unene wa zege linalofunika chuma kila upande. Upande unaogusana na udongo panatakiwa sentimita 7.5, na upande wa maji si chini ya sentimita 5. Sasa piga hesabu. Ganda la bwawa la nyumbani mara nyingi lina unene wa sentimita 15. Kava mbili zimekula 12.5. Nondo za milimita 10 zinazopishana, moja juu ya nyingine, zimekula 2 nyingine. Umebaki na nusu sentimita tu. Ndiyo maana wakaguzi tunaonekana wasumbufu kwenye jambo hili: ndani ya sentimita 15 hamna nafasi ya kukosea. Nondo ikisogea nyuma kidogo inagusa udongo, ikisogea mbele kidogo inakaribia plasta. Na chuma kinachopata unyevu na hewa hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hupasua zege kutoka ndani. Miaka michache baadaye unaona mistari ya kahawia kwenye vigae na hujui ilikotoka.

Huhitaji chombo cha kisasa kulipima hili. Kata kijiti chenye urefu wa sentimita 7.5 kamili. Pita nacho sakafuni na ukutani, na kila baada ya hatua moja kisimamishe kati ya udongo na nondo. Kinapogoma kuingia, weka alama ya rangi. Kisha fanya jaribio la pili: kanyaga katikati ya wavu wa nondo sakafuni, kwa uzito wako wote. Ukiona umebonyea hadi kugusa udongo, biskuti za zege (vibonge vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisiguse udongo) zilizoushikilia ni chache. Biskuti moja kila mita moja, kila upande, ni kiasi kizuri, na zihesabiwe ukutani pia. Wengi huziweka sakafuni wakasahau kuta, kisha nondo za ukutani zikaegemea udongo. Wala usikubali vipande vya tofali au mbao mahali pa biskuti. Tofali hunyonya maji na kuyapeleka kwenye chuma, na mbao huoza ikaacha njia ya maji ndani ya ganda.

Baada ya hapo hesabu nondo. Mchoro ukisema nafasi ya sentimita 20, chukua mita moja popote utakapo. Lazima upate nafasi 5. Fanya hivyo mahali panne au patano, hasa kwenye upande wa kina kirefu na pale sakafu inapoanza kuteremka, kwa sababu mhandisi mara nyingi huongeza nondo hapo na fundi mwenye haraka huzisahau. Nondo mbili zinapounganishwa zinatakiwa kupishana mara 40 ya unene wake: za milimita 10 zipishane sentimita 40, za milimita 12 karibu sentimita 48. Mipishano yote isiangukie mstari mmoja. Tazama pia ukuta unapokutana na sakafu. Nondo ya ukutani inapaswa kupinda na kuendelea sakafuni kama mkono uliokunjwa, isikatikie kwenye kona. Maji yanasukuma ukuta kutoka ndani na udongo unausukuma kutoka nje, na nguvu zote hizo zinaishia hapo chini.

Shika nondo moja uitikise. Ikicheza, ifungwe upya. Hili lina sababu inayotokana na zege lenyewe linavyowekwa. Zege la kupuliza halimwagwi. Linarushwa kwa hewa yenye kasi kubwa, nalo hujibana kwa nguvu ya kugonga. Mashine ya kwanza ya namna hii ilibuniwa mwaka 1907 na Carl Akeley, bingwa wa kukausha wanyama katika makumbusho ya Field mjini Chicago, alipokuwa akitafuta njia ya kuukarabati ukuta wa nje wa jengo hilo. Tangu wakati huo hadi leo tatizo lake kuu ni lilelile: zege likigonga kitu kinachotikisika, au likikuta nondo zimerundikana pamoja, halifiki nyuma yake. Linajaa mbele tu, na nyuma kunabaki uwazi uliojaa mchanga usioshikana. Kwa nje ukuta utaonekana mzuri kabisa. Kwa hiyo, ukikuta nondo tatu au nne zimefungwa fungu moja, hasa kwenye kona na kuzunguka skima (kisanduku cha ukingoni kinachofyonza takataka zinazoelea juu ya maji), mwambie fundi azitawanye.

Kuhusu kutu, usiogope rangi ya kahawia iliyoshika juu juu. Zege hushika vizuri kwenye chuma cha namna hiyo. Kinachokataliwa ni kutu inayobanduka kama magamba, tope lililokauka, na oili ya kupaka mbao za fomu, yaani mbao za muda zinazoshikilia zege lisimwagike. Angalia na mikia ya waya wa kufungia: ielekezwe ndani ya wavu, si upande wa maji. Mkia mmoja uliochomoza hadi karibu na plasta unatosha kutia doa la kutu ambalo halifutiki.

Sasa unene. Utaona nyuzi au waya mwembamba zimevutwa kuonyesha uso wa zege utakapoishia. Mpulizaji hafuati mchoro siku hiyo, anafuata uzi. Pima kutoka kwenye udongo hadi kwenye uzi, si mahali pamoja bali kila mita, na chini karibu na sakafu usipasahau, maana mchimbaji mara nyingi huacha tumbo la udongo hapo. Uzi ukiwa umbali wa sentimita 11 kutoka kwenye udongo, ukuta wako utakuwa wa sentimita 11, hata kama mkataba unasema 15. Udongo uliotokeza uchongwe. Mahali palipochimbwa kupita kiasi pajazwe zege lenyewe, pasijazwe kifusi kilicholegea. Mkanda wa juu unaozunguka bwawa huwa mnene zaidi, sentimita 25 hadi 30, na nondo zake ni nyingi zaidi, kwa hiyo upime peke yake. Ngazi na kibao cha kukalia vichongwe kwenye udongo mgumu au vifungiwe nondo zake. Visije vikajengwa Ijumaa kwa udongo uliorudishwa.

Ukipima urefu na upana, kumbuka kwamba plasta na vigae vitakula sentimita 2 au 3 kila upande, na kwamba kina hupimwa kutoka usawa wa maji, hakipimwi kutoka ukingoni.

Usawa wa mkanda wa juu nakuomba uupime mwenyewe. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, hakikisha hamna mapovu, kisha mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kona na wewe tembea na nyingine kwenye kona zote. Maji kwenye ncha mbili lazima yalingane na alama za mbao za fomu. Pimamaji ya fundi haitoshi kwa urefu wa mita 8. Kona moja ikiwa chini kwa sentimita 2, bwawa litakapojaa maji yenyewe yataonyesha: upande mmoja kigae kizima kiko nje, upande wa pili kimezama. Utaliona hilo kila asubuhi maisha yako yote.

Tuje kwenye mabomba. Unapaswa kukuta geji, yaani kipimo cha shinikizo chenye sindano, imefungwa kwenye mabomba, nayo inasoma kati ya bar 1.5 na 2.5. Mabomba yawe yamejazwa maji. Hewa tupu iliyobanwa ndani ya bomba la PVC ni hatari, bomba likipasuka vipande hurushwa kama risasi. Andika namba inayosomwa, piga picha, rudi baada ya saa 24.

Nina sababu ya kusisitiza saa 24. Kwenye shimo moja nililokagua, jioni geji ilisoma bar 2. Asubuhi ikasoma 1.6. Msimamizi akaniambia ni baridi ya usiku. Baridi kweli hushusha sindano kidogo, na jua likitoka hupanda tena, kwa hiyo tukangoja. Saa sita mchana ikasoma 1.5. Tukafuata bomba moja moja kwa mkono hadi tukafika kwenye kiwiko chini ya skima. Kilikuwa kimechomekwa sawasawa, tena kimebanwa na nondo mbili kiasi kwamba hakichezi, lakini ukingoni hapakuwa na hata alama ya gundi. Fundi alikijaribisha kikavu, akaitwa kwingine, akasahau. Tone moja lilikuwa likining'inia chini yake. Kingepulizwa zege siku ile, mwenye nyumba angekuwa anaongeza maji kila wiki bila kujua yanakokwenda. Tangu hapo napitisha kidole kwenye kila kiungo nikitafuta ule ukingo mwembamba wa gundi iliyotoka nje. Nawe fanya hivyo. Ni kazi ya nusu saa.

Unene wa mabomba unaweza kuuhakiki kwa hesabu. Bwawa lako lina wastani wa kina cha mita 1.5, kwa hiyo ni mita za ujazo 48. Ukitaka maji yote yapite kwenye kichujio kwa saa 6, pampu ivute mita za ujazo 8 kwa saa. Kwenye bomba la kuvutia, maji yasizidi kasi ya mita 1.8 kwa sekunde, vinginevyo pampu inahangaika na kupiga kelele. Kwa kasi hiyo bomba la milimita 50 (kipimo cha nje) hupitisha takriban mita za ujazo 10 kwa saa, linatosha. La milimita 40 hupitisha kama 6.5, halitoshi. Mabomba yatoboe ganda moja kwa moja, kwa pembe mraba. Bomba lililolazwa ndani ya unene wa ukuta, sambamba na nondo, limechukua nafasi ya zege. Litolewe lipite nje.

Dreni za sakafuni, yaani matundu ya kuvutia maji, ziwe mbili, zimeachana angalau sentimita 90, zimeungana kwenye bomba moja la kuvutia, na pasiwe na valvu inayoweza kuifunga moja ikaiacha nyingine ivute peke yake. Tafadhali usilegeze hapa. Mwaka 2002 nchini Marekani mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na mvuto wa dreni kwenye bwawa dogo la maji moto, akazama. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka 2007. Dreni zikiwa mbili, mwili ukiziba moja, maji yanaendelea kuingia kwa nyingine na mvuto unalegea. Ukikuta dreni moja tu, au zimebanana pamoja, simamisha kazi hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Skima iwe upande ambao upepo unasukumia majani, na usawa wa maji ufike katikati ya mdomo wake. Nondo ziizunguke kama kizimba, maana hapo ndipo mkanda wa juu unapokatwa na ndipo nyufa huanzia. Kopo la taa, yaani kasha la ukutani taa inamokaa, lilingane na uso wa plasta, siyo uso wa zege, na bomba lake la waya lipande hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya usawa wa maji. Muulize fundi umeme kama ndani ya kopo atazungushia waya wa kutosha kuifikisha taa ukingoni. Usipotosha, kubadilisha taa kutamaanisha kupunguza maji.

Umeme wenyewe ukaguliwe na fundi mwenye leseni, lakini jambo moja unaweza kuliona kwa macho: waya mnene wa shaba unaounganisha nondo, kopo la taa kama ni la chuma, vishikio vya ngazi na vyuma vyote vilivyo karibu na maji. Kazi yake ni kuvifanya vyote viwe na kiwango kimoja cha umeme, ili mtu aliye majini akishika ngazi mwili wake usiwe daraja. Ni tofauti na waya wa kupeleka umeme ardhini, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Vibanio vyake viwe vya aina inayofaa kuzikwa ndani ya zege, vimekazwa kwenye chuma kitupu. Kuunganisha kwa kuviringisha waya kwa mkono hakukubaliki.

Mwisho wa ukaguzi, tazama chini. Je, kuna maji yanayotuama sakafuni bila mvua kunyesha? Sakafu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Maji ya ardhini yakipanda sentimita 36 tu kutoka chini ya sakafu, yanaisukuma juu kwa nguvu hiyohiyo. Bwawa lililojaa halina shida. Siku utakayolimwaga kulisafisha, ganda zima linaweza kuinuka na kuvunja mabomba yote. Kwa hiyo kwenye shimo la dreni kuwe na valvu ya kuruhusu maji ya ardhini kuingia ndani, imekaa juu ya kokoto safi, na isizibwe na tope. Shimo likitoa maji yenyewe, mhandisi aje aone kabla ya mashine kufika.

Kuhusu fedha, mjibu mkandarasi kwa upole kwamba awamu ya tatu utailipa mhandisi akishasaini nondo na geji ikishakaa saa 24 bila kushuka. Haya ni matakwa ya kawaida, hakuna anayedhulumiwa. Kijiti kikigoma mahali pawili patatu, au biskuti zikipungua, hayo yanarekebishwa Alhamisi na Ijumaa inabaki palepale. Yanayoahirisha Ijumaa ni mchoro kukosekana, geji kushuka, dreni moja, maji ya ardhini yasiyo na njia, waya wa shaba kutokuwepo, au kuta za udongo zilizoanza kumomonyoka.

Alhamisi jioni piga picha kila upande, futi ikionekana kwenye picha, na pima kila bomba liko umbali gani kutoka kona mbili za nyumba. Ukitaka kutoboa sakafu ya ukingo miaka kumi ijayo, hizo picha ndizo zitakazokuongoza.

Ijumaa asubuhi udongo uwe umenyunyiziwa maji hadi ukawa na unyevu, lakini pasiwe na dimbwi wala tope. Midomo ya mabomba, skima na kopo la taa viwe vimezibwa na kufungwa kwa utepe. Mchanga na kokoto zinazoruka nyuma wakati wa kupuliza zitolewe nje ya shimo. Mafundi wakianza kuzijaza kwenye ngazi kwa koleo la mchanga, wazuie, maana hazina saruji ya kutosha. Waulize pia nani atamwagilia ganda kwa siku 7 zinazofuata, na upate jina la mtu. Na geji isifunguliwe. Mweke mtu mmoja asimame pembeni yake tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa. Sindano ikianguka ghafla, ina maana bomba limepasuka au kiungo kimeachia, na zege likiwa bado bichi litakatwa kwa mwiko na bomba likabadilishwa palepale.